Kusuka na Kutunza Nywele Msimu wa Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, wateja wa saluni za Njombe, Mbeya, Iringa, Arusha, Limuru na Nairobi huuliza mambo yanayofanana: wasuke nini, wakae na msuko kwa muda gani, na waoshe vipi kichwa wakati maji ya bomba yanauma vidole. Majibu yafuatayo yanawahusu hasa wenye nywele za kipilipili, ziwe za asili au zenye dawa. Mtindo wa kulinda nywele unaozungumziwa hapa ni ule unaoficha ncha na kumwondolea mtu haja ya kuchana kila siku, kama vile rasta, mistari, twende kilioni, nywele za uzi, mabutu, au wigi linalovaliwa juu ya nywele zilizosukwa.

Je, baridi yenyewe huharibu nywele?

Si moja kwa moja. Sehemu ya unywele iliyo nje ya ngozi haina uhai wala haihisi baridi. Kinachoidhuru ni mambo yanayoandamana na baridi, yaani ukavu wa hewa, upepo, msuguano wa makofia na kola za masweta, na maji ya moto mno ambayo kila mtu huyakimbilia asubuhi. Hewa baridi hubeba mvuke mchache kuliko hewa ya joto, na unywele uliojipinda tayari una shida ya kupata mafuta ya ngozi ya kichwa, kwa kuwa mafuta hayo hayashuki kwa urahisi kupitia kila pindo hadi nchani. Ncha ndiyo sehemu kongwe kuliko zote: nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, hivyo ncha ya unywele wenye sentimita 20 imekwisha kuchanwa, kuoshwa na kusuguliwa kwa karibu miaka 2. Mtindo usioficha ncha, hata ukiwa mzuri kiasi gani, haulindi kitu.

Mimi niko Nairobi na dada yangu yuko Njombe. Je, tusuke mtindo mmoja?

Si lazima, maana baridi hizo mbili hazifanani, na hapa ndipo ushauri mwingi hukosea kwa kuwapa watu wote agizo moja.

Nairobi, Limuru na Nyandarua, Julai ni mwezi wa mawingu mazito na manyunyu, na jua linaweza kukosekana siku nzima. Hewa ina unyevu wa kutosha. Tatizo kubwa ni nywele zilizosukwa kutokauka. Rasta ndogondogo za kufika kiunoni, zikioshwa Jumamosi jioni, huweza kuwa bado mbichi mashinani siku ya pili, na kichwa kikaanza kunuka uvundo. Kwa mkaaji wa huko, rasta za unene wa wastani zinazoishia mabegani zinafaa zaidi, au mistari isiyoongezwa kitu, ambayo hukauka upesi.

Njombe, Makete na Mbeya hali ni kinyume. Mvua zimekwisha, usiku ni wa baridi kali kiasi kwamba umande huweza kuganda juu ya majani kule Kitulo, lakini mchana jua huwaka, hewa ni kavu, na upepo unapeperusha vumbi. Kukausha nywele si tabu. Tabu ni kuzizuia zisikauke kupita kiasi na kuzikinga na vumbi linalojikusanya kwenye mashina ya msuko. Dada yako anaweza kusuka rasta ndefu akipenda, mradi azifunike anapotoka na aongeze unyevu mara kwa mara.

Wakaaji wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam hawahitaji kubadili mengi. Kusi huleta ubaridi kidogo, lakini unyevu wa bahari unabaki palepale.

Kati ya mitindo yote, upi unafaa zaidi kwa baridi?

Nikilazimika kuchagua mmoja, nitachagua nywele za uzi, ingawa najua wengi wanaziona za kizamani. Msusi hugawa nywele katika mafungu, kisha huzungushia kila fungu uzi mweusi kuanzia shinani hadi nchani, na mafungu hayo huweza kuachwa yasimame au kuunganishwa kwa mpangilio. Ncha zote hubaki ndani ya uzi, hakuna uzito wa rasta unaovuta ngozi, kichwa hukauka upesi, na nywele hunyooka bila kupitishiwa moto wowote. Gharama yake pia ni ndogo. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kubwa: uzi mwembamba ukikazwa sana shinani hukata nywele palepale, kwa hiyo mizunguko ya kwanza iwe legevu. Anayeona haya kwenda nazo kazini anaweza kufunga kilemba juu yake, na baridi inampa sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Rasta zinafuata, kisha twende kilioni, ambao ni mtindo mzuri kwa sababu nywele zote hupanda juu na kuepuka kola ya sweta kule kisogoni. Wigi ni msaada kwa anayetaka kubadilisha sura bila kusumbua nywele, ila mistari iliyo chini yake lazima iwe mikavu kabisa kabla ya kulivaa, na gundi isigusishwe nywele za mbele. Wivingi siipendekezi kwa msimu huu kwa wakaaji wa Nairobi, kwani ni vigumu kuiosha hadi chini na ni vigumu zaidi kuikausha.

Niandae vipi nywele kabla ya kwenda kusuka?

Kosa la kawaida ni kupeleka kwa msusi kichwa kikavu na kichafu kwa kuwa kuosha kunaogopesha wakati wa baridi. Nywele zikisukwa zikiwa kavu zitabaki kavu kwa wiki zote zinazofuata, na mafuta yatakayopakwa juu hayatabadilisha hali hiyo. Osha kwa shampuu siku moja kabla, tia kondishena nzito au ufanyiwe stimingi, chana kwa chanuo ukianzia nchani kupanda juu, kisha ziache zikauke vizuri. Ncha zilizopasuka zikatwe sasa, kwa sababu zitaendelea kupasuka ndani ya msuko.

Mafuta ya nazi yakipakwa usiku wa kabla ya kuosha hupunguza madhara ya maji na shampuu kwenye unywele. Usishangae ukiyakuta yameganda meupe ndani ya chupa. Huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Iringa mwezi Julai hiyo ni hali ya kila siku. Hayajaharibika. Simamisha chupa kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika chache, nayo yatayeyuka.

Ikiwa umetia dawa ya kunyoosha nywele, subiri angalau wiki 2 kabla ya kusuka. Dawa na mvuto vikikutana katika wiki moja, nywele nyingi hukatika.

Msusi wangu hukaza sana na kusema ndivyo msuko unavyodumu. Je, ni kweli?

Msuko uliokazwa hudumu, lakini nywele ndizo zisizodumu. Kunyonyoka kwa nywele kwa sababu ya kuvutwa kulielezwa na matabibu tangu mwaka 1907, kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kuzikaza sana, kwa hiyo si ugonjwa wa rasta peke yake wala wa Waafrika peke yao. Mwanzoni nywele za mbele na za juu ya masikio huwa nyepesi na zinaweza kurudi mvuto ukiondolewa. Ukiendelea kwa miaka, mashina hufa na sehemu hiyo hubaki laini daima.

Jipime ukiwa bado kwenye kiti. Funga macho, kisha inua nyusi. Ikiwa ngozi ya paji la uso inavutwa, au ukiona vipele vidogo vyeupe vimeanza kusimama kwenye mashina ya mistari ya mbele, msuko umekazwa mno. Mwambie mapema, kwa heshima lakini bila kuzunguka: “Dada, naomba ulegeze hapa mbele, panauma.” Msusi anayejua kazi yake atafumua mistari hiyo miwili mitatu na kuirudia. Desturi ya kumeza dawa ya maumivu usiku wa kwanza na kusubiri kichwa kizoee imeenea kila mahali, nayo ni desturi mbaya. Msuko unaohitaji dawa ya maumivu ulipaswa kufumuliwa. Vipele vikitoa usaha, nenda zahanati.

Rasta zinaniwasha tangu siku ya kwanza. Nifanye nini?

Mara nyingi kinachowasha ni kemikali zilizobaki kwenye nywele za bandia kutoka kiwandani, na ngozi iliyokauka kwa baridi huzihisi upesi zaidi. Wasusi wengi huloweka rasta kwenye maji yenye siki kidogo, wakazisuuza na kuzianika kabla ya kusuka. Waombe wafanye hivyo au zilowekee nyumbani siku moja kabla. Ikiwa tayari umesuka, osha ngozi ya kichwa kwa shampuu iliyochanganywa na maji. Muwasho usiotulia baada ya hapo, au uvimbe, ni dalili kwamba rasta hizo hazikufai, na zitolewe hata kama umezilipia juzi.

Nioshe kichwa mara ngapi, na kwa namna gani, bila kubaki na msuko mbichi?

Mara moja kila wiki 2 inawatosha wengi. Anayefanya mazoezi au anayeishi penye vumbi anaweza kuosha kila wiki. Chagua siku utakayoshinda nyumbani, na uanze asubuhi, kamwe si jioni. Changanya shampuu na maji ya vuguvugu kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, mimina katikati ya mistari, na usugue kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Urefu wa rasta hauhitaji kusuguliwa. Povu linaloshuka linatosha. Suuza hadi maji yatoke safi kabisa, maana shampuu iliyobaki ndani ya msuko hukauka na kuonekana kama mba.

Kukausha ndiko kunakotaka subira. Kamua fungu baada ya fungu kwa fulana kuukuu ya pamba, ambayo hainasi kwenye msuko kama taulo linavyonasa, na ubadilishe fulana ikilowa. Kisha kaa juani kama lipo, au chini ya draya kwa hewa ya vuguvugu. Ili kujua kama kumekauka, bana shina la rasta moja ya kisogoni kati ya vidole viwili kwa muda; nje kunaweza kuwa kukavu huku ndani kukiwa bado na ubaridi wa maji. Hapo usijifunge kilemba wala usilale.

Je, naweza kukaushia nywele kwenye jiko la mkaa?

Hapana. Rasta nyingi huyeyuka zikikaribia joto kali, na zikiyeyuka hugandamana na nywele zako na kuunguza ngozi. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya jiko lenyewe: mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Ni kweli kwamba kulala na kichwa kibichi huleta nimonia?

Nimonia husababishwa na vijidudu, si na maji ya kichwani, ingawa bibi zetu wengi hawatakubaliana na jibu hili. Sababu za kutolala na msuko mbichi zipo, lakini ni nyingine: utatetemeka bure, mto utalowa, nywele zilizoloa hunyumbuka na kukatika kwa urahisi zaidi, na unyevu wa muda mrefu huwapa nafasi fangasi wanaochochea mba.

Nipake mafuta gani?

Anza na maji, si mafuta. Mafuta hayaongezi unyevu. Kazi yake ni kuuzuia usitoroke. Tia maji na kondishena kidogo kwenye chupa ya kupulizia, pulizia ukungu mwembamba kwenye msuko, kisha pitisha mafuta mepesi kwa viganja. Njombe na Mbeya unaweza kufanya hivi kila baada ya siku 2 au 3. Nairobi mara moja kwa wiki inatosha, tena asubuhi. Mafuta ya mnyonyo ni mazito na yanafaa nchani, na shea inafaa kwa hewa kavu. Mafuta ya mgando yakipakwa kila siku kwenye ngozi ya kichwa huchanganyika na vumbi na kuacha ukoko mashinani, kwa hiyo yaache kwa midomo na visigino. Glisirini huvuta unyevu kutoka hewani, jambo linalosaidia pale penye unyevu wa kuvutwa. Katika hewa kavu ya nyanda za juu, ichanganye na maji mengi na ufunike kwa mafuta.

Kofia ya sufu inaharibu nywele?

Inaharibu polepole. Sufu na nyuzi zinazofanana nayo hufyonza mafuta, na kila unapogeuza shingo husugua nywele za mbele na za kisogoni, ambazo ndizo dhaifu kuliko zote. Huhitaji kuacha kuivaa. Chukua mzula wako, au marvin kama uko Nairobi, pamoja na kipande cha satini au kitambaa laini cha bitana, umpelekee fundi cherehani akushonee kwa ndani. Ni kazi ndogo na kofia za mitumba zinaikubali vizuri. Mwambie asiache mshono mnene kwenye ukingo wa paji la uso. Usiku vaa kofia ya satini au funga kitambaa cha satini, na usikikaze. Alama inayobaki kwenye paji asubuhi inaonyesha ulikaza.

Ninavaa ushungi kila siku. Je, ninahitaji kusuka?

Ushungi tayari unakukinga na upepo na vumbi, kwa hiyo msuko mwepesi unatosha: mistari michache mikubwa au mabutu yaliyolala. Vaa kitambaa cha ndani cha satini badala ya pamba, badilisha mahali unapobana pini na fundo la nywele ili mvuto usikae sehemu moja kila siku, na usifunike kichwa kabla hakijakauka. Kwa anayeswali, kupaka maji kichwani wakati wa kutia udhu hakuzuiwi na mistari ya aina hii.

Watoto wasukwe nini?

Nywele zao wenyewe, bila rasta. Ngozi ya kichwa ya mtoto ni laini, na uzito wa nywele za bandia unaonekana upesi juu ya masikio. Mistari ya kawaida au twende kilioni hukaa wiki 2 bila tatizo, na shule nyingi zinazoruhusu kusuka hutaka mitindo hiyo hiyo. Wakati wa baridi kuna jambo moja la ziada, nalo ni mapunye. Watoto huazimana kofia na vitana, na mapunye huhama kwa njia hizo. Ukiona mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika, usifunike kwa msuko na usitegemee mafuta ya kupaka. Mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza inayotolewa na mganga wa kituo cha afya.

Nikae na msuko kwa muda gani, na mbona nikifumua nywele nyingi hutoka?

Mistari isiyo na rasta iwe wiki 2 hadi 3, nywele za uzi vivyo hivyo, na rasta wiki 4 hadi 6. Ukivuka wiki 8, nywele zilizoota hujisokota zenyewe mashinani na rasta huanza kuning’inia kwenye nywele chache. Baridi huwashawishi wengi kuongeza mwezi mmoja kwa kuogopa kuosha, na huo mwezi wa nyongeza ndio unaofuta faida yote iliyopatikana.

Kuhusu nywele zinazotoka, usiogope haraka. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Katika wiki 6 hizo ni kati ya 2,100 na 4,200, na kwa kuwa zilikuwa zimeshikiliwa na msuko, zote hutoka siku moja. Zitazame: zenye kijidoa cheupe upande mmoja zimetoka zenyewe, lakini vipande vifupi visivyo na kijidoa ni nywele zilizokatika, na vikiwa vingi ujue palikuwa na ukavu au mvuto.

Fumua bila haraka. Kata rasta chini kabisa ya mahali nywele zako zinapoishia, pima mara mbili kabla ya kukata, na tia mafuta au kondishena kwenye uchafu uliokusanyika shinani, kisha uuachanishe kwa vidole. Uchafu huo ukilowa maji kabla haujatolewa, nywele hufungamana na mara nyingi mkasi ndio huamua. Ukimaliza kuchana ndipo uoshe. Pumzisha kichwa wiki 1 au 2 kabla ya kusuka tena.

Nina dredi. Je, haya yananihusu?

Karibu yote, na suala la kukausha linakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa dredi nene huhifadhi maji katikati kwa muda mrefu. Osha asubuhi, kamua sana, na usirudie kukaza mizizi kila wiki.

Ninaishi Toronto. Ushauri ni huu huu?

Msingi ni uleule, ila baridi yenu huangukia Desemba hadi Februari au zaidi, na ukavu mkubwa zaidi uko ndani ya nyumba, kwa sababu hewa ya nje iliyo baridi sana ikipashwa na mitambo huwa kavu mno. Kifaa cha kuongeza unyevu chumbani husaidia nywele na ngozi pia. Usitoke na msuko mbichi. Maji huganda ndani yake na nywele hukatika zikikunjwa. Zifunge rasta zako juu ya kichwa ili zisisuguane na kola ya koti, na ukipata msusi asiyekaza, weka miadi mapema, maana Desemba wote humkimbilia.

Rasta nilizofumua zinaweza kutumika tena?

Zile za bei nzuri ambazo hazijafungamana zinaweza kurudiwa mara moja, baada ya kuoshwa kwa shampuu, kulowekwa kwenye maji ya siki na kuanikwa hadi zikauke kabisa. Za mtu mwingine, hata akiwa ndugu yako, zisirudiwe, na zilizotoka kwenye kichwa chenye mba nyingi au mapunye zitupwe.